Samaki wa Bahari Mlimani: Jiografia, Uchumi na Kiswahili cha Kitale na Bungoma

Utangulizi

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mitaa ya kimaskini iliyotajwa mara kwa mara mjini Kitale ilikuwa Kipsongo, Tuwan na Shimo la Tewa. Majina mawili ya kwanza hayamshangazi mtu anayeijua nchi hiyo ya bara. La tatu linashangaza. Tewa ni samaki wa baharini, yule ambaye wasemaji wa Kiunguja humwita chewa, na Shimo la Tewa linalojulikana na Wakenya wengi liko kando ya mkono wa bahari wa Mtwapa, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kitale iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kati ya Mlima Elgon na milima ya Cherangani. Samaki wanaouzwa sokoni mwake ni omena na wengineo wa Ziwa Viktoria, na samaki wakavu wanaoletwa kutoka Ziwa Turkana. Huenda wengi wa wakaazi wa mtaa huo hawakuwahi kumwona tewa. Nadhani jina lilifika kwa njia ya sifa ya gereza na shule za huko pwani kuliko kwa njia ya uvuvi, lakini lilifika, likakaa, na watu wakaishi ndani yake.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili atakumbuka safari nyingine ya namna hiyo. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, Kongowea Mswahili anaondoka Tanga, mji wa taarabu na wa mama yake, na safari ya kumtafuta baba inamfikisha Kitale. Wanafunzi wengi waliosoma riwaya hiyo shuleni walikaririshwa maudhui na wahusika, lakini swali la mandhari lilipitwa haraka: kwa nini Kitale? Kwa nini mwana wa pwani, mwenye jina linalobeba Mombasa na Uswahili kwa pamoja, aikute nasaba yake kwenye mji wa mahindi? Jibu jepesi ni kwamba mwandishi aliijua nchi hiyo. Walibora, aliyefariki tarehe 10 Aprili 2020, alizaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia. Jibu hilo ni la kweli, ila halitoshi.

Makala haya yanakusudia kuieleza miji miwili, Kitale na Bungoma, kwa kuangalia mahali ilipo, mali yake na maisha ya kila siku ya watu wake, ili kuonyesha jinsi mambo hayo yanavyoamua ni Kiswahili kiasi gani kinasemwa, na cha namna gani. Tumezoea katika vyumba vya mihadhara kuigawa Afrika Mashariki mara mbili: pwani, ambako Kiswahili kinazaliwa, na bara, ambako kinaharibiwa. Miji hii miwili iko mwendo wa saa mbili hivi kwa matatu, lakini haisemi Kiswahili kwa kiasi kimoja wala kwa haja moja. Mgawanyo wetu wa pwani na bara hauna nafasi ya tofauti hiyo.

Mahali na maumbile

Mlima Elgon, ambao kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda, ndio mama wa nchi yote hii. Kitale iko mashariki yake, Bungoma kusini yake. Mito mingi inayoshuka kutoka mlimani na kutoka Cherangani huingia katika mto Nzoia, nao Nzoia hutiririka hadi Ziwa Viktoria. Udongo wa Trans Nzoia una rutuba na mvua yake ni ya msimu mmoja mrefu: mkulima hupanda kati ya mwezi wa Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba. Bungoma iko chini zaidi, kwenye mita 1,400 hivi, kuna joto zaidi, na mahali pengi mtu anaweza kupanda mara mbili kwa mwaka. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa. Kitale husubiri mavuno moja, na mji mzima hupumua kwa pumzi hiyo. Bungoma hupata kidogo kidogo, mwaka mzima.

Anayetoka Kitale kuelekea kusini hupita Kiminini, kisha hufika Kamukuywa, ambako huwa ameingia kaunti ya Bungoma. Hapo barabara humpa hiari mbili: kufuata njia ya Kimilili na Chwele hadi mjini Bungoma, au kupitia Misikhu hadi Webuye na kuikuta barabara kuu ya kwenda Malaba. Kaskazini mwa Kitale barabara huelekea Kapenguria, halafu huteremka kwenye nchi kavu ya Pokot na Turkana hadi Lodwar na mpaka wa Sudan Kusini. Kitale, kwa hiyo, ni mlango. Mfugaji anayeshuka na mbuzi, mwalimu aliyepewa kazi Lodwar, dereva wa lori la msaada: wote hulala Kitale. Hata mawakili waliomtetea Jomo Kenyatta na wenzake katika kesi ya Kapenguria iliyoanza mwaka 1952 walilazimika kulala Kitale, kwa kuwa Kapenguria hapakuwa na malazi.

Bungoma nayo imekaa juu ya njia, si mlangoni. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ilipitishwa hapo katika miaka ya 1920, na barabara kuu ya malori ya Uganda, Rwanda na Kongo iko karibu nayo. Lakini lori hupita. Linalobaki Bungoma ni la Wabukusu wenyewe, kwa maana mji huu umezungukwa pande karibu zote na vijiji vyao. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia. Hata hivyo, mji wa Kitale, wenye watu zaidi ya 160,000, ni mkubwa kuliko mji wa Bungoma kwa zaidi ya mara mbili. Mtu wa Bungoma ana mji na ana kwao, na kwao ni karibu. Watu wengi wa Kitale wana mji tu.

Misafara, walowezi na kipande

Kiswahili hakikuanza kufika huku kwa shule. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilifika Mumias, kusini mwa Bungoma, mji ambao wasafiri wa wakati huo waliuita Kwa Sundu, kwa jina la mtawala Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Walifuata pembe za ndovu hadi miteremko ya Elgon, na pembe haikutembea peke yake: bunduki na watumwa walikuwa katika biashara hiyohiyo. Joseph Thomson alipofika Kwa Sundu mwaka 1883, alikuwa akifuata njia ambayo misafara ya pwani ilikwisha kuizoea. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1895, Wabukusu walipigana na majeshi ya Waingereza katika ngome zao za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa karibu na Webuye ya leo, na wakashindwa. Mumias ilikuwa kituo cha utawala huo mpya. Kwa Mbukusu wa kizazi kile, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliotoka upande wa Mumias wakiwa na silaha. Ikumbukwe jambo hili pale tunapojiuliza kwa nini Bungoma haikukimbilia kuiweka lugha hiyo sebuleni.

Kitale ilipata Kiswahili chake kwa njia tofauti. Wenyeji wa Kitale husimulia kwamba palikuwa na kituo cha watumwa mahali ambapo baadaye walowezi walijenga klabu yao. Lakini mji wenyewe ni zao la mashamba ya wazungu yaliyogawiwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hasa la tawi la reli lililofika kutoka upande wa Eldoret mwaka 1926. Mashamba yalitaka mikono. Wakaja Wabukusu na Wamaragoli, Wanandi na Wasabaoti, Wateso, Waturkana, Wapokoti, Wakikuyu. Mlowezi hakuwa na nia ya kujifunza lugha nane, wala hakutaka watumishi wake wajue Kiingereza chake. Ndipo kikatumika kile kilichoitwa Kisetla: Kiswahili kilichopunguzwa viambishi na kubakizwa amri. Wataalamu wamekicheka sana Kisetla, na kinachekesha kweli, lakini upande wa pili wa amri ile kulikuwa na watu ambao jioni, mlowezi akisha kwenda zake, walibaki wakizungumza wao kwa wao. Hao ndio waliorudisha viambishi, kila mmoja kwa kiasi alichojaliwa.

Maneno ya mashamba hayo bado yako hai. Kipande, cheti ambacho mwanamume Mwafrika alilazimishwa kukivaa shingoni kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kimekuwa jina la kitambulisho chochote. Posho, iliyokuwa unga wa kupimiwa mfanyakazi kila juma, ilienea hata Uganda ambako ni jina la ugali wenyewe. Na kibarua, neno ambalo kila mtu wa Kitale hulitamka asubuhi, lina historia ndefu zaidi: ni barua ndogo, cheti cha siku kilichotumiwa katika kazi za kukodishwa huko Unguja na Mombasa katika karne ya 19, kabla ya jina la cheti kumhamia mtu aliyekishika. Mpaliliaji anayesimama alfajiri kwenye njia panda ya Kiminini akingoja kuchukuliwa shambani hajui kwamba anajiita karatasi. Neno hilo limetoka bandarini hadi kwenye mitaro ya mahindi bila kupoteza maana yake ya msingi, yaani kwamba kazi ni ya leo tu.

Mahindi chotara

Mwaka 1956 ilianzishwa Kitale kampuni ya mbegu, Kenya Seed, kwanza kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho ya walowezi. Karibu nayo kituo cha utafiti wa kilimo kilikuwa kikishughulikia mahindi. Watafiti walichukua aina ya hapohapo, iliyoitwa Kitale Synthetic II, wakaipandikiza na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Matokeo yake, H611, yalitolewa kwa wakulima mwaka 1964, na baada yake zikafuata nyingine za jamaa hiyohiyo, ikiwemo 614 ambayo wakulima huitaja kwa tarakimu kama watu wanavyomtaja jirani. Kiswahili kiliyapa mahindi haya jina zuri: mahindi chotara. Neno lililokuwa la mtu mwenye wazazi wa asili mbili likapandwa shambani.

Chotara huzaa sana, lakini mbegu yake haifai kurudiwa. Anayeweka mahindi ya mwaka huu ili ayapande mwakani atavuna pungufu. Ndiyo maana kila mwaka, mwezi wa Februari na Machi, mkulima wa Trans Nzoia lazima aje mjini kununua mbegu na mbolea, na kila mwaka, kuanzia Oktoba, lazima arudi mjini kuuza. Mji na shamba vimefungwa kwa kamba hiyo. Wakati wa mavuno, kando za barabara hugeuka manjano na meupe kwa mahindi yaliyoanikwa juu ya maturubai, hata magari hupunguza mwendo. Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao haipokei nafaka yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, basi mkulima huuma punje kwa meno, husikiliza mlio wake, na kusema ziko tayari au bado. Meno ya wazee hukaribia sana kipimo cha mashine. Asiye na subira, au mwenye karo ya shule ya kulipa Januari, humuuzia dalali kwa bei ya dalali.

Hapa ndipo haja ya Kiswahili inapoonekana wazi. Shughuli ya gunia moja la kilo 90 yaweza kuwakutanisha mwenye shamba Mbukusu, wapukuchuaji Waturkana, mwenye mashine Mkikuyu, dereva Mnandi na mnunuzi aliyetoka Nairobi. Hakuna mmoja miongoni mwao ambaye lugha yake ya mama inaweza kuimaliza shughuli hiyo. Baada ya uhuru mashamba makubwa yaligawanywa kwa skimu za makazi na kwa vyama vya ununuzi wa ardhi, na majirani wakawa watu ambao babu zao hawakuwahi kuonana. Watoto wao waliooana wakazaa watoto ambao Kiswahili ndicho walichonyonya. Kwa mintarafu hii, Kitale inaelekea kufanana na mji wa pwani kuliko tunavyofikiri: nayo imeundwa na wageni waliokuja kwa biashara na kazi, ikakosa mwenyeji mmoja wa kuilazimisha lugha yake, ikatumia iliyokuwepo. Labda hili ndilo jibu la pili la swali kuhusu Kongowea Mswahili.

Bungoma: kaunta na soko

Bungoma haikupitia njia hiyo. Mali yake ni ya aina nyingi: miwa ya kiwanda cha sukari cha Nzoia kilichoanzishwa mwaka 1975, kahawa ya miteremko ya mlima, mahindi na maharagwe, ndizi na vitunguu vinavyojaa soko la Chwele. Webuye ilikuwa na kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills tangu miaka ya 1970. Harufu yake ilimpokea msafiri kabla ya mji kuonekana. Kilipofungwa mwaka 2009, mji uliokuwa umejaa wafanyakazi kutoka kila pembe ya nchi ulipungukiwa watu na fedha, na, hili halijaandikwa na mtu, ulipungukiwa Kiswahili. Nyumba za kupangisha zilizoachwa na wageni zilichukuliwa na watu wa karibu, na lugha ya ploti ikarudi kuwa Lubukusu.

Katika soko la Chwele, mnunuzi huanza kwa "Mulembe", yaani amani. Akinyamaza au akaanza kwa "Habari", bei hupanda, si kwa ubaya, bali kwa sababu amejitambulisha kuwa mgeni na mgeni hudhaniwa kuwa nazo. Mwanamke mzee huitwa kukhu, bibi. Mwenye umri wa mama huitwa mayi. Mwanamume wa rika la baba, papa. Ukisikia mtu akimwita mwuzaji senge, shangazi, jua mapatano yamefika mbali. Kiswahili kimepewa sehemu zake: kaunta ya benki, ofisi ya chifu, stendi ya magari, mahubiri ya makanisa yenye waumini mchanganyiko, na redio. Katika mtaa wa Mandizini au kule Kanduyi utakisikia zaidi, kwa maana wapangaji wamechanganyika, lakini hata huko mtu hubadili lugha anapomwona mtu mzima wa kwao.

Na inapofika Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, Kiswahili huwekwa kando kabisa. Huo ni msimu wa tohara. Vijana hutembea na njuga zao, chinyimba, wakizialika jamaa za baba na za mjomba, na hakuna anayealika khocha wake kwa Kiswahili. Msimu huo hufika Kitale pia, lakini huko umati unaoufuata msafara una watu wa makabila mengine, na maneno ya Kiswahili hupenya ndani ya nyimbo bila kuombwa.

Isidhaniwe kwamba Bungoma haina ilichokipa Kiswahili. Mpakani Malaba na Busia, katika miaka ya 1960 na 1970, vijana wenye baiskeli walianza kuwabeba watu na mizigo kuvuka nafasi iliyo kati ya kituo cha Kenya na kituo cha Uganda, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka, mara mbili. Bodaboda ikateremka hadi Bungoma na Kisumu, ikaacha baiskeli na kupanda pikipiki mwishoni mwa miaka ya 2000, na leo iko Mombasa, Tanga, Unguja na Goma. Tumezoea kusema kwamba maneno hutoka pwani kwenda bara. Hili lilipanda reli kwa upande wa pili.

Lugha na usalama

Lipo jambo ambalo mtu wa Kitale hulijua bila kufundishwa. Ardhi iliyonunuliwa na watu wa makabila mengi haikukoma kudaiwa. Mapigano ya kikabila yaliyoanza mwaka 1991 yaliunguza vijiji vya Trans Nzoia na miteremko ya Elgon. Kuanzia mwaka 2006 mgogoro wa skimu ya Chepyuk, upande wa Bungoma, ulizaa kundi la wapiganaji la Sabaot, na mwezi wa Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika oparesheni iliyopewa jina la Kiswahili, Okoa Maisha. Wananchi waliteswa na pande zote mbili. Katikati yake, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Kitale uligeuka kambi ya waliofukuzwa makwao.

Katika nyakati hizo lugha ya mama inaweza kuwa hati ya kifo au ya uhai, kutegemea nani amesimama njiani. Kiswahili hakiondoi hatari hiyo, kwa sababu lafudhi husema hata mdomo ukiwa na hadhari. Asiyeweza kutenganisha b na p, au d na t, hujulikana kwa neno moja. Lakini Kiswahili humnunulia mtu muda. Nilikua nikiwaona watu wazima wakibadili lugha ndani ya matatu pindi abiria wasiojulikana walipoingia, bila kuambizana, kama watu wanaofunga dirisha kwa sababu ya vumbi. Hatukukiita Kiswahili lugha ya taifa. Tulikiona kama lugha ya kukalia karibu na mtu usiyemjua. Walimu wetu wa isimujamii wana istilahi ya lugha mawasiliano, nayo ni sahihi, ila inasema machache kuhusu matatu ile.

Kiambishi -ko na adabu

Mgeni wa pwani anayefika Bungoma au Kitale hulalamikia jambo moja: watu hawaamkii. Kijana humpita mzee bila shikamoo, na mnunuzi husema "nipe" pasipo "tafadhali". Hukumu hutolewa kwamba Kiswahili cha bara hakina adabu. Hukumu hiyo imesikiliza nusu ya neno.

Mtu wa huku hasemi "nipe maji". Husema "nipeko maji". Hasemi "ngoja", husema "ngojako". Hasemi "nisaidie", husema "nisaidieko". Katika Kiswahili sanifu -ko ni kirejeshi na kiambishi cha mahali pasipo dhahiri, kama katika "yuko", kwa hiyo mwalimu anayesahihisha insha huiona "nipeko" kuwa ni kosa lisilo na maana. Mimi mwenyewe nililipigiwa mstari mwekundu katika shule ya msingi, na nikajifunza kuliacha katika maandishi. Lakini -ko hii haikutoka katika mahali. Imetoka katika lugha za Kiluhya, Lubukusu ikiwa mojawapo, ambamo -kho hufungwa mwishoni mwa kitenzi kupunguza uzito wa tendo na uzito wa ombi: kidogo tu, ukipenda, bila kukusumbua. Kazi hiyo msemaji wa Mombasa huifanya kwa "hebu" au "tafadhali", na wa Dar es Salaam kwa "naomba". Msemaji wa Bungoma ameifanya kwa silabi moja.

Matumizi yake yana kanuni. Hutokea katika amri na katika dhamira ya ombi, "unisaidieko", lakini haimkabili mtu unayemgombeza. Hakuna aliyewahi kumkimbiza mwizi akipiga kelele "simamako!" Haipandi katika habari ya jambo lililokwisha: sijasikia mtu akisema "alinipako" kwa maana ya adabu. Humwelekea mkubwa na mdogo kwa pamoja, na hapa inaishinda shikamoo, ambayo husafiri upande mmoja tu. Kukhu humwambia mjukuu "niletee-ko kiti" bila kujishusha. Na mjini Kitale imevuka mipaka ya Waluhya. Nimeisikia kwa vijana Waturkana wa mjini na kwa wauzaji Wakikuyu, ambao lugha zao za mama hazina kiambishi hicho. Wao wameikuta katika Kiswahili, kwa hiyo kwao ni Kiswahili.

Jambo hili lina uzito kwetu tunaosoma lugha. Tunapokwenda utafitini, tunakwenda Lamu na Pemba, na ni sawa, kwa maana kazi ya huko haijaisha. Lakini gorogoro, mkebe wa kilo 2 unaopimia unga na nafaka katika kila soko la magharibi mwa Kenya, unamlisha mtu aliye mbali na maduka makubwa kuliko kipimo kingine chochote, na mwanafunzi akiutaja katika insha huambiwa aandike kibaba, kipimo ambacho huku hakuna aliyekiona. Sima ya pwani na busuma ya Wabukusu zinafanana kiasi cha kutosha kumsumbua mtu wa isimu linganishi usiku kucha, na baina yake tumeketi na ugali bila kuuliza.

Soko la Kitale saa kumi na moja jioni ni mahali pazuri pa kuanzia utafiti huo. Mvua imenyesha saa tisa, kama kawaida ya msimu, na wachuuzi wamefunua tena mahindi na maharagwe yao. Mwanamke ametoka kibaruani, matope yamemkauka miguuni, na mkononi ana malipo ya siku. Anainama mbele ya gorogoro iliyojaa hadi ukingoni. Bei haipungui, na wote wawili wanajua haitapungua. Kinachojadiliwa ni kilele, ile lundo ndogo inayosimama juu ya mkebe kabla punje hazijaanza kuteleza. Kwa lafudhi yake mwenye mahindi hutambulika kuwa ametoka Pokot. Mnunuzi, nadhani, ni Mteso. "Ongezako, mama," anasema. Mwenye mahindi anaguna, anaingiza kiganja guniani, na anaongeza konzi moja.